Uliza Ujibiwe: Siku 54 baharini na warfarini begini

Mwezi huu barua nyingi nilizofungua zinaongelea jambo moja, watu wanaokunywa dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, na wanataka kupanda meli za kitalii, sio safari ya siku tatu hapana, wiki sita, wiki nane. Mimi ni nesi, miaka mingi nimekaa kliniki ya INR, ile namba inayoonesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, ikipanda unavuja damu kirahisi, ikishuka inaganda kirahisi, natoboa watu vidole na kupiga simu jioni kuwaambia "leo punguza nusu kidonge", kwa hiyo swali hili linanigusa kabisa. Ukurasa wote wa leo nimeuachia barua hizo.

Sista, habari za kazi. Nina miaka 69, niliwekewa vali ya chuma kwenye moyo, ile ya mitrali, miaka 11 iliyopita na tangu hapo niko kwenye warfarini. INR yangu wanataka ikae kati ya 2.5 na 3.5. Nakunywa miligramu 5 Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, siku zingine 7.5, napima kila baada ya wiki nne. Wanangu wametulipia mimi na mama yao safari ya meli siku 54, tunavuka Pasifiki kwenda na kurudi. Kijana wangu anasema melini kuna daktari nisihangaike, mama anasema tusiende kabisa. Je niende? Na ninunue kile kimashine cha kupimia mwenyewe?

Shikamoo mzee wangu. Kama daktari wako wa moyo hajakukataza, nenda, ila usiende kwa sababu ile aliyokupa kijana.

Ni kweli daktari yupo, na manesi wapo, na zahanati ya meli kubwa imejiandaa vizuri kwa dharura, watakupima moyo, watakuwekea oksijeni na dripu, vipimo kadhaa vya damu wanavyo. Lakini INR sio meli zote wanapima. Wengine wanacho kimashine lakini vijiti vyake vya kuwekea tone la damu ni vichache, vimewekwa kwa ajili ya mtu aliyeanza kutoka damu, sio kwa ajili ya mzee anayekuja kupima kila wiki mbili. Kwa hiyo kabla hamjamaliza kulipa andikieni idara ya matibabu ya kampuni ya meli, muulize kama meli yenu ile ile inapima INR, kama abiria anaruhusiwa kupima kwa ratiba, na wanatoza shilingi ngapi kwa kipimo, manake huduma ya zahanati ya meli kwa kawaida inalipiwa na inaingia kwenye bili yako ya kabini. Majibu yaje kwa maandishi.

Sasa kitu ambacho wengi hawakifikirii. Kupima ni nusu ya kazi. Nimeona watu wanarudi safari na kidaftari kimejaa namba, 2.8, 3.1, 4.4, 4.9, safi kabisa zimeandikwa na tarehe, ukimuuliza ulipoona 4.9 ulifanyaje anakwambia nilisubiri nirudi nikuoneshe. Jamani! Namba isiyo na mtu wa kuisoma na kubadilisha dozi haikulindi na chochote. Daktari wa meli atakusaidia lakini yeye hakujui, hajui kwamba wewe ukipunguziwa nusu kidonge unashuka haraka au unakawia. Kwa hiyo kaa na kliniki yako kabla ya safari, mkubaliane nani utamtumia namba, kwa njia gani, na atakujibu ndani ya muda gani. Intaneti ya baharini inakatika katika, so msipange simu ya video, ujumbe mfupi unatosha, tarehe, INR, dozi ya wiki iliyopita, umeumwa au umeongezewa dawa yoyote. Af waombe wakuandikie karatasi ya kukuongoza siku mtandao haupo, INR ikishuka chini ya 2.5 ufanye nini, ikipita 4 ufanye nini, na kuanzia namba ipi uende kwa daktari wa meli hata kama unajisikia mzima. Hizo namba na hatua zitoke kwao sio kwangu, wewe una vali ya chuma, na kwa vali ya chuma kushuka ni hatari sawa sawa na kupanda, donge la damu likikaa kwenye vali linaweza kwenda kwenye ubongo.

Pima ndani ya wiki ya mwisho kabla ya kuondoka, ukiwa bado na nafasi ya kurekebishwa, na kama mnaenda sehemu zenye malaria anza kidonge cha kinga mapema ili kipimo hicho kikioneshe kimekufanyia nini, manake baadhi ya dawa za kinga ya malaria zinapandisha INR. Ukishakuwa melini mi ningependa upime wiki ya kwanza tena na baada ya hapo kila wiki moja au mbili, sio nne kama nyumbani, kwa sababu kila kitu kinabadilika kwa pamoja, chakula, usingizi, kutembea, kinywaji. Na usipime leo ukitegemea kuona dozi ya jana, warfarini inachukua kama siku mbili tatu hivi mpaka uone mabadiliko kwenye namba.

Kimashine chako mwenyewe, ndio, kwa safari ya siku 54 kama uwezo upo ni kitu kizuri sana, lakini kinunuliwe miezi miwili kabla, ufundishwe, na ukipime pamoja na maabara yako mara mbili tatu uone vinapishana kiasi gani. Vijiti ndo vinaharibika kirahisi. Vijiti vya CoaguChek kwa mfano, aina moja ya vimashine hivyo, vinatakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 30, kwa hiyo usiviache kwenye baraza ya kabini juani wala kwenye begi ndani ya basi la matembezi. Kifuniko cha kichupa kifunge mara tu ukitoa kimoja, unyevu wa baharini ni adui yake. Nawa mikono kwa maji ya vuguvugu, kausha kabisa, toboa, na tone liwekwe ndani ya sekunde 15, ukichelewa damu yenyewe inaanza kuganda kidoleni na namba inadanganya. Ukipata namba kubwa ya kushtua rudia kwenye kidole kingine, ikibaki vile vile nenda zahanati, huko juu vimashine hivi haviaminiki sana na inabidi damu ya mshipa ithibitishe pale inapowezekana.

Sasa Pasifiki mzee. Hapa nataka tukae kidogo kwa sababu dozi yako inafuata siku za wiki, na nyinyi mnavuka mstari wa tarehe. Mkiwa mnaelekea magharibi siku moja inarukwa, mnalala Jumanne mnaamka Alhamisi. Mkirudi mashariki siku inajirudia, Jumanne mbili zinafuatana. Mwili wako hauna habari na kalenda. Kati ya jioni ya Jumanne na jioni ya Alhamisi hiyo yamepita kama masaa 24 tu, kwa hiyo unakunywa dozi moja, kile kidonge cha Jumatano kilichobaki kwenye kisanduku chako cha dawa cha siku saba usikimeze "kufidia", utakuwa umejizidishia. Na wakati wa kurudi Jumanne ya pili utafungua kisanduku ukute tundu la Jumanne tupu, utasema nimeshakunywa, kumbe ile ilikuwa ya jana! Unakunywa zote mbili. Dawa yangu kwa jambo hili ni rahisi, kwa safari hiyo acheni majina ya siku, andika namba, siku ya 1 mpaka ya 54, kila namba na dozi yake, mama awe na nakala, mkimeza mnakata. Mwambie mtu wa kliniki akupangie hivyo. Yale mabadiliko ya saa moja moja ambayo meli inafanya usiku wala yasikusumbue, kunywa muda ule ule wa jioni kwa saa ya meli.

Vidonge vyote viwe kwenye begi la mkononi. Bandarini mizigo mikubwa inachukuliwa inaletwa kabini baada ya masaa, na mingine inachelewa. Beba vya siku zote na wiki mbili za ziada, kwenye makopo yenye jina lako, pamoja na barua ya daktari yenye jina halisi la dawa, sababu ya kuinywa, na kiwango cha INR unachotakiwa kuwa nacho. Nasisitiza vya ziada kwa sababu kununua njiani ni mtego. Rangi hazifanani dunia nzima, kidonge cha pinki cha warfarini Marekani ni miligramu 1, Uingereza cha pinki ni miligramu 5, mtu akinunua kwa kuangalia rangi anaweza kunywa mara tano ya dozi yake. Af kuna nchi hata warfarini sio dawa wanayoitumia sana, Hispania wengi wako kwenye asenokumaroli, Ujerumani kuna fenprokumoni, ni ndugu zake warfarini lakini miligramu hazilingani hata kidogo.

Chakula, usiogope spinachi. Tatizo sio mboga, tatizo ni kubadilika ghafla, kwa mfano mtu anayekula majani kila siku nyumbani anafika melini anakula nyama na keki wiki tatu, vitamini K, ile inayosaidia damu kuganda, inapungua, INR inapanda. Kula kama unavyokula siku zote. Pombe kama unatumia iwe kidogo na isiyobadilika badilika. Na bima, sema ukweli kuhusu vali, yote, na angalia inalipa kuhamishwa kwa dharura, manake katikati ya Pasifiki helikopta haifiki, meli yenyewe inabidi ikimbilie bandari iliyo karibu.

Mwambie mama hofu yake ina msingi, ndo maana yeye akae na ile nakala.

Dada nesi, mimi natumia apiksabani kwa ajili ya mapigo ya moyo kwenda ovyo. Mume wangu anatumia dabigatrani. Sisi hatupimi INR so nadhani maswala ya melini hayatuhusu, ni kweli?

Kupima hakuwahusu, ni kweli. Lakini warfarini ukiisahau siku moja bado iko mwilini, hizi zenu, nazo ni za kuzuia damu kuganda, hazina huruma hiyo, nusu yake inaondoka ndani ya masaa kama 12 hivi, ukikosa siku nzima huna ulinzi. Na melini ndo sehemu ya kusahau, asubuhi mnakimbilia boti ya kushuka bandarini, jioni kuna chakula na muziki. Weka alamu mbili kwenye simu, na simu iwe kwenye saa ya meli. Ukisahau apiksabani inywe pale pale ukikumbuka kisha endelea na ratiba, usimeze mbili kwa pamoja. Ya mume wako kama yamebaki masaa chini ya 6 kufikia dozi inayofuata aache hiyo aliyosahau.

La mume wako lingine ni kwamba dabigatrani haipendi unyevu. Isitolewe kwenye chupa au karatasi yake ya asili kuwekwa kwenye kisanduku cha siku saba, chupa ikishafunguliwa inatakiwa iishe ndani ya miezi 4, na kapsuli isifunguliwe wala kutafunwa. Inatoka mwilini kwa njia ya figo zaidi kuliko hizi zingine, kwa hiyo akiharisha au kutapika mpaka akauke maji, figo zikizidiwa dawa inajikusanya. Aende zahanati mapema siku hiyo hiyo, asingoje kesho. Kuna msomaji mwingine kauliza kuhusu rivaroksabani, dawa ya kundi hili hili, ile ya miligramu 15 au 20 inywe na chakula, ukiinywa tumbo tupu kwa sababu ya kichefuchefu cha bahari haiingii yote.

Sista, mimi yalinikuta. Niko kwenye warfarini, wiki ya tatu ya safari nikaanza kuharisha, sikwenda kwa daktari wa meli kwa sababu niliogopa watanifungia kabini. Tuliposhuka bandarini nikanunua Flajili dukani, nikanywa siku tano. Siku ya sita fizi zinatoka damu, mapajani nina mabaka meusi, INR 7.2. Waliniachisha dawa wakanipa vitamini K, nikapona. Nilikosea wapi hasa? Mana dawa yenyewe ni ya kawaida kabisa.

Pole sana kaka, na ahsante kwa kuandika, barua yako itasaidia watu kuliko maneno yangu.

Ulipigwa na vitu vitatu kwa mpigo. Kwanza kuharisha kwenyewe, huli vizuri na kile unachokula kinapita bila vitamini K kufyonzwa, hapo tu INR ilishaanza kupanda. Pili Flajili, yaani metronidazoli. Warfarini inaondolewa mwilini na ini, na Flajili inalibana ini lisiifanye kazi hiyo, kwa hiyo kidonge kile kile ulichozoea kinakuwa kama umekunywa kingi zaidi kila siku. Tatu, hakuna aliyekupima, ukaendelea na dozi kamili siku tano.

Na sio Flajili peke yake. Septrini, siprofloksasini, erithromaisini, klarithromaisini, flukonazoli ya fangasi, zote zinaweza kupandisha. Ukishapewa yoyote katika hizo, au antibayotiki yoyote kwa kweli, INR ipimwe ndani ya siku 3 mpaka 5, na mtu anayesimamia dozi yako ajue siku ile ile unayoanza. Wakati mwingine atakupunguzia dozi mapema, wakati mwingine daktari atachagua dawa nyingine kabisa. Dawa za maumivu ndo mtego mwingine, aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ziache, hizo zinakwaruza tumbo na kuongeza kutoka damu hata INR ikiwa nzuri. Parasetamoli ndo ya kwako, ila nayo ukinywa dozi kubwa kila siku kwa wiki nzima inapandisha INR kidogo, kwa hiyo isiwe siri. Vidonge vya kichefuchefu cha bahari kwa kawaida havigombani na warfarini, vinaleta usingizi tu, na mtu mwenye usingizi kwenye ngazi za meli inayoyumba anaanguka. Kapsuli za mitishamba, tangawizi ya kukolezwa, kitunguu saumu cha vidonge, usianze safarini.

Kuhusu kufungiwa kabini, naielewa hofu yako. Virusi vya kuharisha vinasambaa haraka sana melini, ndo mana wanawatenga watu, siku mbili tatu hivi. Lakini kwako wewe zahanati ilikuwa muhimu kuliko kwa abiria mwingine yeyote mwenye tumbo lile lile. Ukiingia tu pale mlangoni, kabla hata ya kusema tumbo, sema "natumia warfarini". Sentensi hiyo iwe ya kwanza kwa kila daktari, kila nesi, kila muuza dawa katika kila bandari. Jifunze kuisema kwa Kiingereza au iandike kwenye kadi ukae nayo kwenye pochi.

Mume wangu ana mapigo ya moyo ovyo na alishapata kiharusi kidogo. Anataka aache warfarini wiki zote za meli, kuna mtu kamwambia ni sumu ya panya na kwamba akiumia kwenye matembezi atakufa baharini. Nimwambie nini?

Mwambie mume wako kwamba huyo mtu hajadanganya kuhusu panya. Warfarini iliuzwa kama sumu ya panya mwaka 1948, ikaruhusiwa kwa binadamu 1954, na mwaka uliofuata rais wa Marekani Eisenhower alipopata shambulio la moyo alipewa hiyo hiyo. Dozi ndo inayotofautisha, na ndo maana tunawapima nyinyi na panya hatuwapimi.

Lakini dada, mume wako alishapata kiharusi. Akiacha warfarini ndani ya siku chache damu inarudi kuganda kama zamani na lile donge lililokuja mara ya kwanza lina njia wazi. Akipata kiharusi melini masaa yanakwenda, hakuna hospitali kubwa ya kukimbilia mpaka bandari. Hofu ya kuvuja damu ni halali na siipuuzi, meli nyingi hazina benki ya damu, imeshatokea abiria na wafanyakazi kuombwa wajitolee damu kwa mgonjwa. Jibu lake ni kuchagua matembezi. Pikipiki za kukodi aache, kuruka kwa kamba aache, kutembea, kuogelea, basi, makumbusho, yote aende. Viatu visivyoteleza, ashike reli ya ngazi bahari ikichafuka, anyoe kwa mashine ya umeme.

Na wewe ujue dalili hizi kwa sababu wewe ndo utakayeziona. Choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu au wa kahawia, damu ya pua isiyokata baada ya kubana dakika 10, kichwa kuuma ghafla kuliko kilivyowahi kuuma, mdomo kupinda, mkono kulegea, maneno kupotea. Hapo unapiga namba ya dharura ya meli, humwachi akalale kwanza. Na akigonga kichwa, hata kama amecheka akainuka na hakuna hata nundu, mpeleke zahanati usiku ule ule, damu ndani ya fuvu kwa mtu wa warfarini inaweza kuvuja pole pole, masaa, hata siku kadhaa, yeye anajiona mzima.

Kabla ya yote hayo mpigie daktari wake wiki hii, mbebe mume wako muende pamoja, amwambie mwenyewe kwa mdomo wake kwamba anataka kuacha. Kuna watu kama yeye wasio na vali ya chuma wanaoweza kubadilishiwa kwenda kwenye zile dawa zisizopimwa INR, akishaangaliwa figo na dawa zake zingine. Ila kubadilisha huko kuna utaratibu wake wa INR na kunahitaji muda wa kuona kama dawa mpya inamkubali, kwa hiyo kama meli inaondoka mwezi ujao msingoje.